Kupima CMC kwa elektroforesisi ya kapilari: dalili, sababu na tiba kwa maabara za Mwanza

Mwanza hii, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, hukosi mtaa wenye mtu anayetengeneza sabuni ya maji: ndoo, mwiko, salfoniki, sles, soda ashi, na mwisho chumvi ya kuipa uzito. Watengenezaji hawa wanajua kwa mikono jambo ambalo sisi wa maabara tunalitafuta kwa mashine. Chumvi ikiingia, sabuni inakuwa nzito kwa sababu miseli, yaani vikundi vidogo vya molekuli za sabuni, zinakua. Ikizidi, sabuni inarudi kuwa maji. Naanza na ndoo hiyo kwa makusudi. Karibu nusu ya malalamiko ninayoletewa na vijana wanaopima CMC yana chumvi ndani yake, na mlalamikaji hajaiona. CMC ni ukolezi ambao miseli huanza kuundwa.

Kwa anayeanza: molekuli ya safaktanti, kiungo kinachosafisha ndani ya sabuni, ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa chache, kila moja huogelea peke yake. Ukolezi ukifika kizingiti fulani zinajikusanya, mikia ndani na vichwa nje, nayo ndiyo miseli. Kizingiti hicho ndicho CMC. Kwa sodiamu dodesili salfati, yaani SDS, katika maji safi ya nyuzi 25, ni karibu milimola 8.2 kwa lita, na miseli moja hukusanya molekuli zipatazo 60.

Ndani ya kapilari, yaani mrija mwembamba sana wa silika unaopitishiwa umeme, tunakipata kizingiti hicho kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mkondo: unajaza kapilari kwa miyeyusho inayopanda ukolezi, unaweka volti zilezile kila mara, unasoma mikroampea, kisha unachora. Chini ya CMC mstari hupanda kwa kasi. Juu yake hupanda polepole, kwa kuwa miseli hushikilia sehemu kubwa ya sodiamu isibebe umeme kwa uhuru. Pale mistari miwili inapokutana ndipo penye kona yako, nayo ndiyo CMC. Njia ya pili ni ya alama: unaingiza kitu kisicho na chaji kinachopenda mafuta, kwa mfano naftalini. Miseli zisipokuwepo, kinasafiri sawa na maji yenyewe. Zikianza kuwepo, zinakivuta nyuma. Njia hii ina mizizi katika kazi ya Shigeru Terabe na wenzake huko Japani, walioonyesha mwaka 1984 kwamba miseli huweza kutenganisha hata vitu visivyo na chaji ndani ya kapilari.

Sasa tuingie kwenye dalili.

Dalili: "Kitabu kinasema 8.2, mimi napata 4 na kitu"

Hii ndiyo ninayoulizwa kuliko zote, na mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Sababu ya kwanza, kwa mbali sana, ni bafa, yaani mwyeyusho wa chumvi unaoshikilia pH isibadilike. Namba ya kitabu ni ya maji matupu. Wewe umepima ndani ya borati au fosfati ya sodiamu, na sodiamu hiyo inazituliza chaji za vichwa vya SDS zisisukumane, hivyo miseli zinaundwa mapema. Katika chumvi ya kawaida ya milimola 100, CMC ya SDS hushuka hadi karibu milimola 1.5. Kwa hiyo 4 na kitu ndani ya bafa yako huenda ni jibu sahihi kabisa. Kosa ni kulilinganisha na namba ya hali nyingine. Andika CMC pamoja na bafa yake, ukolezi wa bafa, pH na joto, kila mara. Ukitaka kuthibitisha, pima kwenye viwango vitatu au vinne vya chumvi, kisha chora logi ya CMC dhidi ya logi ya sodiamu yote iliyomo, ya bafa pamoja na ya SDS yenyewe. Ukipata mstari ulionyooka unaoteremka, kazi yako ni nzima.

Sababu ya pili ni jinsi ulivyozimua. Mtu anatengeneza stoku ya SDS, yaani mwyeyusho mzito wa akiba, ndani ya bafa, halafu anaizimua kwa maji. Hapo SDS inapungua na bafa inapungua pamoja nayo, kwa hiyo kila nukta ya grafu imetoka katika dunia yake. Zimua kwa bafa ileile, ya chupa ileile, ya siku ileile. Kosa hili ni jepesi kulitenda na gumu kuliona kwenye grafu, maana mstari bado unaonekana mzuri.

Ya tatu ni alama yenyewe. Naftalini nyingi, au methanoli uliyoiyeyushia, hubadilisha mazingira ya miseli. Punguza alama hadi kiwango cha chini ambacho kilele chake kwenye grafu ya mashine bado kinasomeka, na kiyeyushio kisizidi asilimia chache za sampuli. Wala usichukue vidonge vya kabatini vya dukani: vingi si naftalini, ni kemikali nyingine kabisa.

Ya nne, isiyotokea mara nyingi lakini inayosumbua, ni SDS iliyochakaa. Ndani ya maji, hasa yenye asidi, SDS huvunjika taratibu na kuacha dodekanoli, nayo husaidia miseli kuundwa mapema. Mwaga stoku iliyokaa wiki kadhaa. Kama unga wenyewe ndio unaoushuku, ununue wenye usafi wa asilimia 99 au usafishe kwa kuufuwelisha upya katika ethanoli.

Namba ikiwa juu ya kitabu, anza na mzani na chupa ya ujazo. Gramu 2.88 za SDS katika mililita 100 ni milimola 100. Unga ulionyonya unyevu au wenye usafi mdogo utakupa pungufu ya hapo. Kisha angalia povu. Ukitikisa chupa ya ujazo, safaktanti nyingi inakimbilia kwenye povu na hutajua mstari wa ujazo uko wapi. Geuza chupa taratibu, subiri povu lilale, ndipo ujazie. Pipeti iliyojaa mapovu haijabeba ujazo ulioandikwa juu yake.

Dalili: grafu haina kona

Mstari umenyooka mwanzo hadi mwisho, au umejipinda kwa ulaini hata hujui ukate wapi.

Angalia kwanza idadi ya nukta. Nukta tano hazitoshi. Nataka sita chini ya kizingiti na sita juu yake, na eneo la katikati liwe na nukta zilizokaribiana. Usichague kwa jicho nukta zilizo karibu kabisa na kona. Ziache, chora mistari miwili kwa nukta za mbali, kisha tafuta makutano.

Kama nukta zinatosha, mshukiwa anayefuata kwenye njia ya mkondo ni bafa nzito. Bafa ikibeba sehemu kubwa ya mkondo, badiliko la SDS linamezwa, kama mtu anayenong'ona Mwaloni Kirumba asubuhi ya mnada wa dagaa. Shusha bafa hadi milimola 5 au 10, au hamia njia ya alama, ambayo haisumbuliwi sana na hilo.

Kwenye njia ya alama, angalia unachora nini. Uhamaji wa alama haupandi kwa mstari milele: unajipinda unapokaribia uhamaji wa miseli yenyewe, na ukichukua nukta zote utapotoka. Chora kipengele cha ubakizi badala yake, yaani uwiano wa alama iliyo ndani ya miseli na iliyo majini, ambacho hupanda kwa mstari kadiri miseli zinavyoongezeka, kisha urudishe mstari huo nyuma hadi kipengele kiwe sifuri: ukolezi wa hapo ndio CMC. Alama inayochukia maji kupita kiasi, kama Sudani III, inarukia kwenye miseli yote kwa mpigo na kukuachia ngazi mahali pa mteremko. Hiyo itumie kuonyesha miseli zinasafiri kwa kasi gani. Kazi ya kutafuta kona iachie naftalini.

Halafu kuna jambo ambalo si kosa. Ukileta sles ya ndooni, ule uji mzito mweupe wa asilimia 70 hivi, unapima mchanganyiko wa molekuli za urefu tofauti. Kila moja ina kizingiti chake, hivyo kona inakuwa kilima cha taratibu. Ripoti eneo, usilazimishe namba yenye desimali mbili. Na safaktanti isiyo na chaji haitakupa kona kwa njia ya mkondo hata ukikesha. Hiyo ni ya alama tu, tena alama yenye chaji au ukichanganya na safaktanti yenye chaji, na ukichanganya ujue umebadilisha swali.

Dalili: mkondo umekufa, au unarukaruka

Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

1. Vichupa viwili vina mwyeyusho wa kutosha, na ncha zote za kapilari pamoja na elektrodi zimezama? Kinachomwagika au kukauka ni kichupa, mara nyingi kuliko unavyodhani.
2. Kuna kiputo cha hewa? Mwyeyusho uliotoka kwenye friji unapopata joto ndani ya kapilari huachia hewa. Acha miyeyusho ifikie joto la chumba, ichuje kwa chujio la mikromita 0.45 au 0.2, itoe hewa kwa dakika chache, kisha sukuma upya kwa shinikizo.
3. Kapilari imeziba? Sukuma maji na uangalie kama tone linatoka ncha ya pili. Lisipotoka, jaribu maji ya uvuguvugu, kisha kusukuma kutoka upande wa pili, kisha kata milimita chache za ncha.
4. Kapilari imevunjika? Mahali palipochomwa ngozi ya polimidi ili mwanga upite ndipo dhaifu kuliko pote.

Kuhusu kuziba, nina ya kusimulia. Asubuhi moja ya Julai, katika maabara niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, tulikuta umeme umekatika usiku na kapilari imebaki imejaa SDS ya milimola 100. Ncha zilikauka hewani, fuwele zikajipanga ndani ya tundu la mikromita 50, na maji ya moto hayakuifungua tena. Tangu siku hiyo sitaki kapilari ilale na safaktanti. Jioni inasafishwa, inajazwa maji, na ncha zinazamishwa kwenye vichupa vya maji. Hata umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi unaikuta inapumua.

Fuwele zina njia nyingine mbili za kukuingilia. Moja ni baridi. Stoku nzito ya SDS huanza kuganda chumba kikishuka chini ya nyuzi 20 hivi, na kiyoyozi cha chumba cha mashine kinafika huko bila shida. CTAB, safaktanti nyingine tutakayoifikia, ni mbaya zaidi, inataka karibu nyuzi 25. Ukiona mawingu au sindano nyeupe, pasha taratibu hadi iwe safi kabla ya kuichuja. Ukichuja kwanza umeitupa SDS yako kwenye chujio. Njia ya pili ni potasiamu. Dodesili salfati ya potasiamu haiyeyuki vizuri kwenye joto la chumba, hivyo bafa ya fosfati ya potasiamu ikikutana na SDS, unga mweupe unashuka pale pale. Soma lebo ya bafa: iwe ya sodiamu.

SIMAMA HAPA. Kapilari ikiwa mpya, vichupa vimejaa, na mkondo bado ni sifuri au unapiga cheche, zima mashine. Mashine hizi hufika kilovolti 30. Usifungue kifuniko cha ugavi wa umeme, usiifunge swichi ya usalama ya mlango kwa waya wala kwa karatasi ili "uangalie tu". Ukisikia mlio wa kutatarika, harufu ya kuungua au ozoni, au ukiona unyevu karibu na elektrodi, chomoa plagi na umwite fundi aliyefunzwa mashine hiyo. Fundi wa redio wa mtaani, hata awe hodari, kazi hii si yake.

Dalili: mkondo unapanda kuliko inavyostahili kwenye ukolezi mkubwa

Hii ni joto. Upitishaji umeme hupanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kapilari inayojipasha inakuonyesha mkondo wa uongo, na kona inapotea au kusogea.

Kipimo chake ni rahisi. Jaza mwyeyusho wako mzito kuliko yote, soma mkondo kwenye kilovolti 5, 10, 15, 20 na 25, uchore. Mahali mstari unapoanza kuinuka kutoka kwenye unyoofu, hapo ndipo mwisho wako. Fanya kazi chini yake. Hesabu pia nguvu: kilovolti 20 kwa mikroampea 50 ni wati 1, na kwa kapilari ya sentimita 50 hizo ni wati 2 kwa mita. Kwa mashine inayopozwa kwa hewa napenda kubaki chini ya wati 1 kwa mita. Tiba ni kushusha volti, kuzimua bafa, au kutumia kapilari ya mikromita 50 badala ya 75.

Weka joto la kapilari kwenye nyuzi 25 na uache mashine dakika 30 kabla ya kusoma chochote. Alasiri ya Mwanza chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kuipita nyuzi 25, na mashine inayopoza kwa feni tu haiwezi kushuka chini ya chumba. Ikiwa ndivyo, chagua nyuzi 30, ziandike, na ubaki nazo kazi yote.

Dalili: vilele vinatembea kutoka mbio hadi mbio

Vilele vikibadilisha nafasi kila unapopima, ukuta wa silika ndani ya kapilari haujatayarishwa. Kapilari mpya inataka sodiamu haidroksaidi ya mola 1 kwa dakika 15, kisha ya mola 0.1, kisha maji, kisha bafa. Kati ya mbio na mbio, dakika mbili za mola 0.1, maji, na dakika tatu za mwyeyusho unaofuata. Kapilari nzima hubeba mikrolita moja au mbili hivi tu, kwa hiyo huna sababu ya kubana usafishaji.

Ukuta ukiwa sawa na vilele bado vinatembea, badilisha bafa ya vichupa vya elektrodi: umeme wenyewe hubadilisha pH yake baada ya mbio chache. Hakikisha pia kimo cha maji kwenye vichupa viwili ni sawa, la sivyo maji yatajivuta kutoka upande mmoja hadi mwingine hata volti zikiwa zimezimwa. Vaa miwani na glavu unaposhika haidroksaidi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali. Usingoje uone kama itapoa.

Dalili: nimehamia CTAB, sioni kilele chochote

Karibu kila mara ni mwelekeo wa umeme. CTAB ina chaji chanya, inajipaka kwenye ukuta wa silika na kuugeuza, na mtiririko wa maji unaelekea upande wa pili. Badilisha volti kutoka chanya kwenda hasi na vilele vitarudi.

Hapa pana mtego ambao umewahi kuingia hadi kwenye ripoti za mwisho. Mtiririko hugeuka kabla ya CMC, kwa sababu molekuli hujipanga ukutani kabla ya kujikusanya majini. Anayetangaza kwamba hapo mtiririko ulipogeuka ndipo CMC ilipo, ametangaza tabia ya ukuta. CMC ya CTAB katika maji ni karibu milimola 0.9, ukipata sehemu ndogo ya hiyo bila chumvi yoyote, rudi utazame umepima nini.

Na kapilari ya CTAB iwe ya CTAB peke yake. Ikikutana na mabaki ya SDS, chaji kinyume zinashikana na kushuka kama nta. Utaifahamu siku kapilari itakapoziba bila sababu.

Dalili: mstari wa msingi umepanda, naftalini haionekani

Salfoniki iliyozimuliwa ina pete ya benzini, na pete hiyo inameza mionzi ya urujuanimno karibu na nanomita 225. Ukisoma hapo, kapilari yote inang'aa kwako kama ukungu wa ziwani alfajiri na kilele kinazama. Soma kwenye nanomita 275 hivi, ambako naftalini bado inaonekana. Bromidi ya CTAB nayo hufanya hivyo karibu na 200. SDS haina shida hii.

Kama mstari unatikisika hata kwa maji matupu, futa dirisha la kapilari kwa methanoli na karatasi laini, kisha tazama saa za taa ya duteri. Usiitazame taa ikiwaka, wala usiiguse kwa vidole vitupu. Kama taa mpya haikuleta nafuu, tatizo liko kwenye kitambuzi, na hapo kazi yako imekoma.

Maji

Sikuyapa dalili yake kwa sababu yanaingia kwenye zote. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, nayo ni laini, lakini bado yana kalisi inayoshusha salfoniki na SDS. Tumia yaliyokenekwa au yaliyoondolewa ayoni, na upime upitishaji wake kabla ya kuyatumia. Watu hununua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Yanaweza kufaa kwa kuoshea, lakini yapime kila chupa, na uangalie sana usije ukapewa maji makali ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki.

Kabla ya kumwita fundi, ambaye huenda akatoka Dar es Salaam au Nairobi kwa gharama yako, fanya jaribio moja la bei nafuu. Chukua SDS ileile, maji yaleyale, bika na mita ya kawaida ya upitishaji umeme, uongeze SDS kidogokidogo kwenye nyuzi 25. Mita ikikupa kona karibu na 8.2, miyeyusho yako ni mizima na mashine ndiyo ya kuchunguzwa. Ikikupa namba ileile mbovu, mwambie fundi asipande basi. Rudi kwenye mzani. Akija, mkabidhi daftari: tarehe ya kapilari, saa za taa, grafu ya volti dhidi ya mkondo ya siku mashine ilipokuwa nzima, na ya leo.